Goti la Ndunge na Plasta Niliyoifunga

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema, "Huyu ndiye mzee aliyefunga mifupa ya Machakos nzima." Watu wakapiga makofi. Nikaambiwa nijibu kwa maneno machache. Pilau ilikuwa inapoa na wageni walikuwa wanaiangalia, kwa hivyo nikasema asante, nikaketi.

Asante hiyo haikutosha. Ukweli ni kwamba miongoni mwa miguu niliyoifunga, iko mingi ambayo haikuhitaji kufungwa, na iko mingine ambayo niliiharibu kwa kuifunga. Nilipowaambia vijana wa chumba cha plasta kwamba nitaliandika jambo hili, mmoja wao, Mwanzia, aliniambia, "Mzee, wacha hiyo stori. Umetoka salama, kunywa chai." Chai nitakunywa, na stori sitaiacha. Naandika kwa ajili ya Mwanzia na wenzake. Wakubwa wakitaka kusoma pia, wasome.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nje kidogo ya mji wa Machakos. Nilikuwa na cheti cha Fomu Foo chenye alama ambazo pia sitazitaja. Niliajiriwa kufagia. Siku ya kwanza nilipewa ndoo na ufagio, nikaelekezwa mwisho wa korido kwenye chumba ambacho sakafu yake ilikuwa nyeupe pepepe. Nilidhani ni unga. Nikaanza kumwaga maji. Mzee mmoja akatokea mlangoni akapiga kelele, "Aiya! Kijana, unatujengea nyumba?" Vumbi la plasta ukilimwagia maji linaganda. Nilikwangua sakafu ile kwa kisu mpaka saa ya chakula cha mchana, na mzee akawa anakuja kila mara kuangalia jinsi ninavyokwangua. Jioni akaniambia nirudi kesho bila ufagio.

Mzee huyo aliitwa Kilonzo, na ndiye aliyekuwa fundi wa plasta. Hakuwa na cheti chochote zaidi ya mikono yake. Alinifundisha kuchovya bandeji ya plasta kwenye maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yaishe, kisha kuikamua kwa kusukuma ncha mbili zikutane katikati, wala si kuisokota kama tambara la kupigia deki. Alinifundisha kuweka pamba nene kwenye kisigino, na upande wa nje wa mguu chini kidogo ya goti, kwa sababu pale unapita mshipa wa fahamu ambao ukibanwa, mtu hatainua unyayo tena. Na alinikataza kutumia ncha za vidole. "Kiganja, Musau. Kiganja! Alama ya kidole leo ni kidonda wiki ijayo." Siku niliyoogopa msumeno wa umeme wa kukatia plasta, aliuwasha akauweka kwenye kiganja chake mwenyewe. Haukumkata, kwa sababu msumeno ule hutetemeka tu, hauzunguki. Aliniangalia mpaka nikaona aibu.

Kilonzo alikuwa mwalimu mzuri, na kosa ninalotaka kulieleza nalo alinifundisha yeye. Simlaumu. Alikuwa amefundishwa na mwingine, na huyo na mwingine.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mtu akija na goti lililovimba, alipelekwa kupigwa picha. Picha ikionyesha mfupa umevunjika, alilazwa au alipelekwa Nairobi. Picha ikionyesha mfupa uko sawa, alikuja kwetu, na karatasi ilikuwa na maneno yale yale kila mara: silinda, wiki sita. Silinda ni plasta ndefu kama bomba, kutoka juu ya paja mpaka juu ya kifundo, na ndani yake goti limenyooka wala haliwezi kupinda hata kidogo. Hakuna aliyeuliza ni nini kimeumia. Picha ilikuwa imesema hakuna kitu, basi tukafunga hakuna kitu kwa wiki sita.

Wagonjwa wenyewe waliipenda. Mtu ametoka Mwala au Kangundo, amelala njiani, halafu umwambie nenda nyumbani ufanye mazoezi? Mzee mmoja aliwahi kunitukana kwa sababu hiyo. "Nimeuza mbuzi nikuje hapa, na unanipa maneno? Maneno niko nayo kwangu!" Plasta ilikuwa nzito, nyeupe, na ilionekana na kijiji kizima. Mtu akirudi nayo nyumbani, alikuwa ametibiwa.

Sasa niseme kile ambacho picha haikuweza kusema, kama nilivyokuja kukijua baadaye. Goti ni mifupa miwili mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine, na ingeanguka kama matofali yasiyo na udongo kama si kano. Kano ziko nne kubwa. Mbili ziko pembeni, moja kila upande. Mbili ziko ndani kabisa ya goti na zimepishana kama herufi X, moja mbele na moja nyuma. Akina mama wa Mwala walielewa haraka nilipowaambia zinafanya kazi kama ule ukanda wa kubebea mtungi, unaopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni. Ukanda ukikatika, mtungi haujavunjika bado, lakini hauko mahali pake. Picha ya eksirei huonyesha mtungi. Ukanda hauonekani.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini ndipo alipoletwa Ndunge.

Alikuwa mama wa miaka thelathini hivi, kutoka upande wa Mwala, ameketi kwenye mkokoteni wa punda mpaka barabarani na kutoka hapo kwa gari. Mume wake alifanya kazi kiwandani Athi River na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama tikiti. Nilipokuwa nakata soksi ya plasta, ile ya kuvalisha mguu kabla ya pamba, nilimuuliza ilikuwaje, kwa ajili ya kuzungumza tu.

"Tulikuwa mwethya," akasema. Mwethya ni kikundi cha kazi ya pamoja, na kwetu Ukambani hakuna asiyekijua. Leo wanachimba matuta kwako, kesho kwa jirani, mpaka zamu izunguke. "Tulikuwa tunachimba matuta ya fanya juu. Niko ndani ya mtaro, mguu umeshikwa na matope, nikageuka nirushe udongo juu. Mwili ukaenda, mguu ukabaki. Nikasikia kach! Hata Mama Kavata akasikia, akafikiria nimekanyaga kijiti."

"Ulivimba lini?"

"Saa hiyo hiyo. Kabla waninyanyue kutoka mtaroni, goti lilikuwa limejaa."

Vijana, someni maneno hayo tena. Mguu umekwama, mwili umegeuka, mlio umesikika, na goti limejaa kabla mtu hajanyanyuliwa. Goti linalojaa haraka hivyo limejaa damu, na damu ya namna hiyo mara nyingi hutoka kwenye kano ya ndani iliyokatika. Ndunge alinieleza ugonjwa wake wote kwa maneno machache, na mimi nilikuwa nakata soksi.

Lakini kuna jambo baya zaidi, na hili ndilo Mwanzia anataka nilinyamazie. Nilipoinua mguu ule ili Kilonzo azungushe pamba, mkono wangu mmoja ulikuwa chini ya paja na mwingine chini ya ugoko. Mfupa wa ugoko ukateleza mbele. Niliusikia mkononi, kama droo ya meza inayotoka kidogo. Nikamwangalia Kilonzo, naye akaniangalia. Nikasema, "Mzee, hii inatembea."

"Karatasi inasema nini?"

"Silinda."

"Basi shika mguu unyooke. Sisi tunafunga, hatuulizi."

Nikashika. Tukafunga. Na Ndunge aliponiuliza kama ataweza kuchimba tena, kwa sababu zamu ya shamba lake ilikuwa imebakisha miezi michache na asiyechimbia wenzake hachimbiwi, mimi nilijibu kwa mdomo wangu mwenyewe, "Wiki sita tu, mama, na utaruka."

Alirudi baada ya wiki saba, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Nilikata plasta, nikaifungua kwa koleo, na ndani nikakuta mguu mwembamba kama wa mtoto wa darasa la pili. Paja lilikuwa limeisha na goti halikupinda. Nikamwambia aende nyumbani, atembee litalegea. Hiyo ndiyo tiba niliyompa. Miezi miwili baadaye aliletwa tena. Goti lilikuwa limelegea, ndiyo. Lilikuwa linamtoroka. Akitembea kwenye barabara iliyonyooka lilikaa sawa, lakini akigeuka, au akishuka mteremko na mtungi, lilichomoka mbele naye akaanguka. Alikuwa ameanguka mara tatu.

Wakati huo hospitali ilikuwa imepata mtaalamu wa viungo, Madam Muthoni, mama mfupi kutoka upande wa Thika. Alipewa chumba kidogo karibu na chetu, kitanda kimoja na kioo kilichopasuka. Alimchunguza Ndunge, kisha akaja mlangoni petu akiwa amekunja mikono ya sweta.

"Goti la huyu mama lilifungwa na nani?"

Kilonzo akaanza kuosha koleo ambalo lilikuwa limeoshwa. Mimi nikasema, "Ni mimi, Madam."

"Ulilishika kabla ya kulifunga?"

"Nililishika."

"Likafanya nini?"

"Lilitembea."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikalifunga."

Nilitarajia anifokee. Alisema tu, "Kuja hapa," akanivuta kwa mkono mpaka kwenye kitanda. Ndunge alikuwa amelala pale, akaniona, akacheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha. "Ndiye huyu! Daktari wangu wa kuruka. Leo nikuruke wewe?"



Nilijifunza siku hiyo zaidi ya nilivyojifunza miaka yote ya nyuma. Madam alinifundisha kuanza na goti zima. "Kila mtu amezaliwa na kano zake," aliniambia. "Wengine zimelegea, wengine zimekaza. Usipoanza na goti zima, hilo gonjwa utalilinganisha na nini? Na lako?" Kisha goti gonjwa: ulipinde kidogo tu, kama linavyopinda mtu akikaa bila kujikaza. Mkono mmoja ushike paja lisicheze, mwingine uvute ugoko mbele, kwa upole na haraka kidogo. Kano ya ndani iliyo mbele ikiwa nzima, unasikia mfupa umefika mwisho, tap, kama kamba ya mbuzi inapokaza. Kano ikikatika, mfupa unakuja tu, na mwisho wake ni laini, hujui umeishia wapi. Za pembeni unazijaribu kwa kusukuma goti kutoka nje kwenda ndani na kutoka ndani kwenda nje. Ile ya ndani nyuma unaijua kwa kupinda magoti yote mawili na kuangalia kwa ubavu. Ikiwa imekatika, ugoko unauona umezama nyuma.

Alinifundisha pia kwamba goti lililoumia leo hudanganya. Mgonjwa anaogopa, msuli unakaza, na mkono wako hausikii kitu. Basi usiandike kwamba hakuna kitu. Mpumzishe, mwekee kitu baridi, mguu uinuliwe, mwambie arudi uvimbe ukipungua, umshike tena. Na goti ambalo lilitoka kabisa mahali pake, hata kama limerudi lenyewe, kabla ya jambo lolote tafuta mapigo ya damu juu ya unyayo. Unyayo ukiwa baridi, huo si mguu wa kungojea kesho.

Si kila kano inataka kisu. Hii nasisitiza kwa sababu siku hizi nasikia vijana wakimwambia kila mtu aende akapasuliwe. Kano ya pembeni upande wa ndani hupona yenyewe mara nyingi, ukiikinga isivutwe na ukaliacha goti litembee kidogo kidogo. Ile ya ndani mbele, iliyokatika kabisa, kwa kawaida haijishoni. Kuna operesheni ya kuweka nyingine, na miaka ile ilifanywa Nairobi kwa watu wachache. Madam alimweleza Ndunge yote hayo bila kumficha kitu. Ndunge akauliza, "Na nikikosa hiyo ya Nairobi?"

"Tutafundisha paja lako kazi ya kano. Litafanya nusu, labda zaidi ya nusu. Kuchimba huku unageuka, hapana."

"Kuchimba ndiyo shida yangu."

"Najua, mama."

Madam akampa mazoezi. Kukaza paja mguu ukiwa umenyooka na kuhesabu mpaka kumi. Kuvuta kisigino kuelekea kwenye kalio. Kusimama kutoka kwenye stuli bila kushika kitu. Kuinua mguu ukiwa na mfuko wa mchanga kifundoni, na mchanga kwetu haujawahi kukosekana. Kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi, kisha macho yakiwa yamefungwa, kwa sababu goti lililokatika kano husahau liko wapi. Mazoezi ya miezi sita, na Mwala si karibu. Nikasema nitakuwa naenda Jumamosi, siku yangu ya kupumzika. Madam hakunisifu. Alisema, "Hiyo ndiyo kidogo unayoweza kufanya."

Kazini nako mambo yalibadilika, kwa sababu nilianza kukataa. Jumatatu moja alikuja mchezaji mpira kutoka Kangundo, goti limejaa, karatasi inasema silinda. Nikamshika goti zima, nikamshika goti gonjwa, nikarudisha karatasi kwa afisa wa kliniki aliyeiandika.

"Hili halifungwi hivi," nikamwambia. "Linatembea. Aende kwa Madam kwanza."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe ulisomea wapi?"

"Sakafuni."

Nilipelekwa dobi kwa miezi minne. Sikuomba msamaha wakati huo na siombi sasa. Nilifua mashuka, na kila nilipopata nafasi nilipita kwa Madam kushika magoti. Mchezaji yule hakufungwa silinda. Kilonzo naye alikataa, kimyakimya. Alisema bandeji za plasta zimeisha, na zilikuwa zimejaa kabati.

Nyumbani kwa Ndunge paja lilikuwa linarudi. Nililipima kila Jumamosi kwa utepe wa fundi cherehani. Lakini kwenye kikundi mambo yalikuwa yanaharibika. Hakuwa amechimba tangu aumie, na watu walikuwa wameanza kusema. Mtu mmoja aliyemsindikiza hospitali siku ile ya kwanza alikuwa amesikia picha iko sawa, na maneno hayo yakafika Mwala kabla ya plasta. Kama hospitali yenyewe imesema hakuna kitu, basi Ndunge ni mvivu. Mama Kavata, ambaye alikuwa mwenyekiti, alimpa onyo. Zamu ya shamba la Ndunge ilikuwa ndiyo inayofuata. Shamba lenyewe liko kwenye mteremko, na udongo ulikuwa unateremka mtoni kila mvua. Bila matuta, msimu mmoja au miwili na lingebaki mawe. Mkutano wa kuamua kama ataondolewa uliwekwa Jumamosi.

Nilienda kwa msimamizi wetu kumwomba barua ya kueleza kwamba mama huyu aliumia kweli na kwamba sisi tulikosea. Msimamizi alivua miwani.

"Musau, unataka hospitali iandike kwamba ilikosea?"

"Ndiyo, bwana."

"Rudi dobi. Na huko Mwala usifungue mdomo. Ukifungua, usirudi hapa."

Nilirudi dobi. Jumamosi nikaenda Mwala.

Walikuwa watu arobaini hivi, wamekaa kwenye tuta, majembe na sururu yamelazwa mbele yao. Ndunge alikuwa amesimama, kwa sababu aliyeshtakiwa hakai. Mama Kavata alikuwa mama mkubwa wa mwili na wa sauti.

"Na huyu ni nani?" akauliza aliponiona.

"Ni mtu wa hospitali," Ndunge akasema.

"Ule wa kupima paja?" mwanamke mmoja akapaza sauti, na kikundi kizima kikacheka. Nilingoja wamalize. Ilichukua muda.

Nikaomba nafasi, nikapewa. Nikasema hivi, na sijabadilisha neno mpaka leo: "Mimi ndiye nilimfunga huyu mama mguu. Picha haionyeshi kano. Mkono unaonyesha. Mkono wangu ulionyesha kano imekatika, nikanyamaza, nikafunga. Nikamdanganya ataruka. Yeye si mvivu. Kosa ni langu."

Nikamwomba kijana mmoja mwanamume alale kwenye nyasi, nikawaonyesha goti lake linavyokaza nikilivuta. Kisha Ndunge akaketi chini mwenyewe, akanyoosha mguu, akasema, "Vuta waone." Nikavuta. Ugoko ukatoka mbele. Mama Kavata aliinama akaweka mkono wake juu ya wangu. Akavuta yeye. Akaacha haraka kama aliyeshika kaa la moto.

"Aiya," akasema polepole. "Na mimi nilisikia. Nilisikia ikikatika nikasema ni kijiti."

Akajinyoosha, akawa mwenyekiti tena. "Sawa. Mguu tumeuona. Lakini sheria ya mwethya haijui mguu. Kila boma linatoa mikono. Tukiacha boma moja, kesho kila mtu atakuja na goti."

"Ndunge ashike pimamaji," nikasema. "Hiyo ni kazi ya kusimama. Hageuki." Pimamaji ndiyo inayoning'inizwa kwenye kamba kati ya miti miwili kuhakikisha mstari wa tuta uko sawa, na mstari ukikosea maji huvunja kazi ya siku nzima.

"Hiyo ni ya wazee," mzee mmoja akasema.

"Wewe macho yako umeyaona hivi karibuni?" Mama Kavata akamuuliza. Wakacheka, hata mzee mwenyewe. "Pimamaji apewe. Bado mikono. Nani atachimba sehemu yake?"

Walinigeukia wote. Sikuwa nimelipanga jambo hilo, lakini niliona wazi mahali pa kuishia.

"Mimi," nikasema.

Barua ya onyo nilipewa Jumatatu. Haikuwa ya kufukuzwa. Madam Muthoni alikuwa ameingia ofisini kwa msimamizi na kufunga mlango, na walichozungumza sijui. Miezi minne ilipoisha nilirudishwa chumba cha plasta, na tangu hapo hakuna goti lililofungwa na mkono wangu kabla ya mkono huo kuuliza. Wengine walinichukia kwa kuchelewesha foleni. Wachelewe. Mtu amebeba goti lake tangu azaliwe, dakika tano ni nini?

Lakini kurudi huko kulikuja baadaye. Jumamosi iliyofuata mkutano, mwethya ulifika kwa Ndunge. Nilipewa jembe na sehemu yangu ya mtaro. Fanya juu nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote na kuichimba utotoni, ila sikuwa nimewahi kuifikiria kama mtu wa magoti. Unasimama ndani ya mtaro, miguu imezama, na kila jembe la udongo unaligeuza kulirusha juu ya mteremko. Ningekaa nikitafuta namna ya kukata kano ya mtu nisingepata iliyo bora zaidi. Niliwaonyesha walio karibu wageuze nyayo kwanza, mwili ufuate, goti lisibaki nyuma. Mama mmoja akaniambia, "Daktari, unahubiri au unachimba?" Nikachimba. Kufika saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge na watoto, kwa huruma, walikuwa wameacha kunicheka.

Ndunge alikuja kwenye mstari na miti miwili na kamba, akitembea kwa uangalifu, mguu wa kulia ukiwekwa chini kama mtu anayeweka yai. Goti lile halikurudi kuwa zima. Nawaambia wazi, na mpaka leo anashuka mteremko kwa ubavu. Alisimamisha mti wake mwanzoni mwa sehemu yangu, mzee akasimamisha wa pili mwisho, kamba ikakazwa. Akainama kuangalia pimamaji. Akaangalia muda mrefu. Majembe yakatulia.

"Daktari," akasema, "mtaro wako umeteremka. Maji yatapita hapa yabebe shamba langu."

"Umeteremka kiasi gani?"

"Kiasi cha kurudia."

Mama Kavata akapiga kigelegele. Nikaingia tena mtaroni, nikaanza upya.